Wakimaliza Kucheza, Wanarudi na Nani?

Mdogo wangu ana miaka 23 na hapendi filamu zenye maandishi chini ya picha, kwa sababu yanakimbia kuliko macho yake. Kwa hiyo Jumamosi niliyomwekea Campeones, filamu ya Kihispania ya mwaka 2018, ilinibidi nifanye kazi ya wale watafsiri wa mabanda ya video. Tulikaa kitandani kwake, kompyuta ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa sinia, nikawa nasimulia juu ya sauti za waigizaji: "Huyu kocha kalewa. Sasa ona, anaigonga gari ya polisi. Kwisha habari yake." Alicheka kila mahali nilipocheka, na mahali pengine pengi ambapo sikuthubutu kucheka. Mimi nilikuwa na daftari. Nilitakiwa kuandika kazi ya darasani, na kabla hata ya filamu kuanza nilishaamua kwamba nitaandika kuhusu taswira ya mtu mwenye ulemavu wa akili kwenye sinema. Neno "taswira" lilikuwa limeshakaa kwenye kichwa cha kazi.

Hatujafika nusu ya filamu akaniuliza, "Dada, hawa wakimaliza kucheza wanarudi na nani?"

Nikamwambia asubiri tuone. Ile kazi ya darasani niliiandika upya yote kwa sababu ya swali hilo, na bado sijaona kama nimelijibu.

Kwa ambaye hajaiona filamu: Marco Montes, anayeigizwa na Javier Gutiérrez, ni kocha msaidizi wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu mjini Madrid. Anagombana na kocha mkuu katikati ya mechi, anakunywa, anashika usukani, anagonga. Mahakama inampa adhabu ya siku 90 za kutumikia jamii: akafundishe timu ya watu wenye ulemavu wa akili inayoitwa Los Amigos, yaani Marafiki. Anakwenda shingo upande. Mengine unaweza kuyabashiri, na utabashiri sawasawa. Hadithi ya kocha mwenye hasira anayelainishwa na timu isiyojua kufunga tumeiona mara nyingi, na mwongozaji Javier Fesser hajifanyi kwamba ndiye aliyeibuni. Kinachomwokoa ni waigizaji. Wachezaji wa Los Amigos wameigizwa na watu ambao wenyewe wana ulemavu, na mmoja wao, Jesús Vidal, alipata tuzo ya Goya ya mwigizaji mpya bora mwaka 2019, usiku uleule ambao filamu ilichukua Goya ya filamu bora. Zaidi ya watu milioni 3 waliingia kumbini Uhispania kuitazama.

Na inachekesha kweli. Hili nalisema kwa sababu tunaosoma sana huwa tunaona haya kulisema. Anayechekwa ni Marco, na utani unaelekea upande unaostahili. Juanma anaogopa maji na haogi, lakini anapenda wanyama kupita kiasi, basi Marco anamwingiza majini kwa ujanja wa kumwonyesha panya anayezama. Mdogo wangu alitaka sehemu hiyo irudiwe mara tatu. Collantes, msichana pekee wa timu, ana mdomo ambao shangazi yetu mkubwa angeuheshimu.

Lakini swali lilikuwa wanarudi na nani. Filamu inalijibu, ila mbiombio. Julio, mzee msimamizi wa kituo, anamweleza Marco jinsi wachezaji hawa wanavyoishi nje ya uwanja: wana kazi, na wengine wanakaa kwenye nyumba za pamoja, ambako mtu ana chumba chake na mhudumu anapita kusaidia panapohitajika. Kisha tunarudishwa uwanjani. Ugomvi wangu na Campeones unaanzia hapo. Ile nyumba ndiyo hadithi, na kamera imepita nje yake kama gari la harusi linalopita mtaa usiouhusu. Nani alimfundisha huyu kijana kuwasha jiko? Aliungua mara ngapi? Mama yake alilala usiku wa kwanza?

Mdogo wangu ana sindromu ya Down, na swali lake halikuwa la kitaaluma. Kaka yetu mkubwa alipopata kazi alihama. Mimi nilipoanza chuo nilihamia hosteli. Nyumbani tunasema fulani "amekwenda kupanga", na maneno hayo mawili yana uzito kuliko cheti chochote: maana yake umekuwa mtu mzima, una geto lako, una ufunguo wako, ukichelewa kurudi hakuna anayekufungulia mlango kwa kununa. Mdogo wangu amewaona watu wakienda kupanga mmoja baada ya mwingine. Yeye anafua nguo zake, anapika ugali usio na madonge, anamsaidia mama kuuza maandazi asubuhi na chenji ya noti ya elfu moja hakosei. Mwaka jana alimwuliza mama, "Mimi nitapanga lini?" Mama akasema, "Ukikua." Alikuwa na miaka 22.

Sisi Watanzania neno kujitegemea tumelirithi likiwa na vumbi la mwaka 1967, la Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Shuleni nililikariri kama somo la siasa. Lakini hata katika siasa ile hakuna aliyesema kwamba kijiji kinachojitegemea kinaishi bila majirani. Tukimtazama mtu mwenye ulemavu wa akili, ghafla tunabadili kipimo: tunataka afanye kila kitu peke yake ndipo tukubali kwamba anajitegemea, ilhali mimi sijawahi kujipikia chakula cha mchana tangu nianze shahada ya uzamili.

Kuna jambo moja ambalo Campeones inalifanya kwa ujasiri, na watazamaji wengi wa huku kwetu watalipita bila kulijua. Mchezaji bora wa timu, Román, anagoma kucheza. Baadaye tunaelewa kwamba alikuwa kwenye timu ya Uhispania iliyochukua dhahabu ya mpira wa kikapu kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, dhahabu iliyonyang'anywa. Román ni wa kubuni, lakini kashfa ile ni ya kweli. Uhispania iliifunga Urusi 87 kwa 63 kwenye fainali ya wanaume wenye ulemavu wa akili. Ndipo mwandishi wa habari Carlos Ribagorda, aliyekuwa amejipenyeza kwenye timu na kucheza nayo, akafichua kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote wa akili. Medali zikarudishwa. Wawili waliokuwa na haki ya kuzivaa walizirudisha vilevile.

Adhabu iliyofuata ndiyo inayoniuma. Wanamichezo wote wenye ulemavu wa akili, wa dunia nzima, waliondolewa kwenye Paralimpiki. Athens 2004 hawakuwamo. Beijing 2008 hawakuwamo. Walirudishwa London 2012, tena kwa michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na tenisi ya mezani. Mpira wa kikapu wao haujarudi hadi leo. Fernando Martín Vicente, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lao la michezo Uhispania, mahakama ya Madrid ilimtoza mwaka 2013 faini ya euro 5,400 na kumwamuru arejeshe fedha za ruzuku. Waliodanganya walikuwa watu wenye akili timamu, waliofungiwa miaka kumi na miwili ni wale walioibiwa. Nilipomweleza mdogo wangu alisema, "Kwa hiyo wale wazima ndio walikuwa wanaigiza." Ndiyo. Na Fesser amelijibu hilo kwa kuwapa nafasi za uigizaji wenye haki nazo, jambo ambalo kwangu ni tamko zito kuliko hotuba zote za kwenye filamu.

Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2023 kwa jina la Champions, Bobby Farrelly akiongoza, Woody Harrelson akiwa kocha, Madrid ikawa Des Moines, Iowa. Sydney wameitupa. Mchezaji anayegoma sasa anaitwa Darius, na sababu yake ni kwamba aliumia ubongo kwa ajali iliyosababishwa na dereva mlevi, naye kocha kaletwa kwao kwa kosa hilohilo la ulevi barabarani. Kimchezo wa kuigiza inafanya kazi, inafunga mzunguko. Lakini kosa la mfumo limegeuzwa kuwa kosa la mtu mmoja ambaye anaweza kuomba radhi yakaisha. Nilijiandaa kuichukia filamu hii.

Kisha akatokea Alex.

Kwenye filamu ya Kihispania mwanamke wa hadithi ni Sonia, mke wa Marco, na ugomvi wao ni mtoto: yeye anamtaka, Marco anaogopa asije akazaliwa kama wachezaji wake. Ni ugomvi wa kweli, na jibu analopewa na wachezaji wenyewe, kwamba hata wao wasingechagua kuzaa mtoto kama wao lakini wangependa kuwa na baba kama yeye, liliwaliza watu. Mimi lilinikera. Limeandikwa kumfariji baba. Filamu ya Kimarekani imemwondoa mke ikamweka dada: Alex, anayeigizwa na Kaitlin Olson, ni dada wa Johnny, mchezaji mwenye sindromu ya Down anayeishi nyumbani na familia. Johnny anataka kuhamia nyumba ya pamoja anakokaa na wachezaji wenzake. Ameshaamua. Kinachomshinda ni kumwambia dada yake, kwa sababu anajua dada ndiye hataweza.

Niliiona hiyo peke yangu, hosteli, saa sita usiku. Nikaizima.

Nieleze kwa nini. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilipata kazi Mwanza. Niliikataa. Nikawaambia watu wote, pamoja na yule aliyenipigia simu kunipa kazi, kwamba siwezi kumwacha mama peke yake na mdogo wangu. Watu walinisifu sana, na sifa hizo nilizila kama pilau ya sikukuu. Alex naye amejenga maisha yake yote juu ya sababu hiyohiyo. Hajaolewa, hajahama, hajathubutu, na kila anapoulizwa ana jibu ambalo hakuna mtu anayeweza kulipinga bila kuonekana mbaya. Farrelly, mtu wa vichekesho vya chooni, amekiona kitu ambacho Fesser na tuzo zake hakukiona: kwamba kwenye nyumba nyingi anayemtegemea mwenzake si yule tunayemdhani. Ukweli ni kwamba Mwanza niliiogopa. Mdogo wangu alikuwa ruhusa yangu ya kuogopa.

Hadithi hii ya dada ina mizizi mirefu kuliko filamu zote mbili. Michezo ya Special Olympics, ambayo ligi za namna hii ni watoto wake, ilianzishwa na dada mtu. Julai 1968, kwenye uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, Eunice Kennedy Shriver aliwakusanya wanamichezo kama 1,000 kutoka Marekani na Kanada, wakati ambapo wengi wenye ulemavu wa akili walikuwa wamefungiwa kwenye taasisi. Dada yake mkubwa, Rosemary, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1941 baba yao aliruhusu afanyiwe upasuaji wa ubongo uliomharibu kabisa, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2005, aliishi kwenye taasisi huko Wisconsin. Alipofanyiwa upasuaji alikuwa na miaka 23. Nimeihesabu tarehe hiyo mara mbili.

Turudi kwenye fainali. Kwenye Campeones, Los Amigos wanafungwa. Kocha anasimama amejishika kichwa, na wachezaji wake wanawakumbatia waliowafunga, wanaruka nao, wanashangilia nafasi ya pili kama ubingwa. Ukumbini, nadhani, watu walilia. Pale kitandani mdogo wangu alinyamaza, kisha akasema, "Kwa nini wanafurahi? Wamefungwa."

Yeye akifungwa halali. Timu yao ya mpira wa miguu ilipopoteza mechi mwaka juzi kwa penalti, hakula mchana wala usiku, na kipa alimnunia wiki nzima. Kocha wake hakumwambia kwamba matokeo si muhimu. Alimwambia Jumanne aje mapema wapige penalti. Special Olympics yenyewe inawapanga wanamichezo kwenye makundi ya uwezo unaokaribiana, ili ushindani uwe wa kweli na kila mtu awe na nafasi ya kushinda, na kwa hiyo ya kushindwa. Filamu zinapowapa hawa watu furaha isiyojua matokeo zinawapokonya jambo ambalo michezo inalitoa bila kuomba ruhusa ya mzazi: haki ya kuumia kwa kitu ulichokitaka mwenyewe. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwacha mdogo wangu aumie. Uwanjani alianza kuumia, na akaanza kukua.

Na kufika uwanjani kwenyewe kulikuwa hadithi ambayo ningelipa kiingilio kuiona. Filamu zote mbili zina tukio la basi: timu inasafiri, abiria wanalalamika, wanashushwa njiani, na tangu hapo wanasafirishwa kwa gari la mtu wa familia. Waandishi wamelitumia kama kichekesho na kama daraja la mapenzi ya kocha na mwanamke. Hakuna anayeuliza kama kuna siku watapanda tena basi.

Mdogo wangu alijifunza daladala kwa miezi saba. Tunakaa Mbagala na mazoezi yao yako upande wa Temeke. Mwanzo mama alikwenda naye hadi uwanjani na kumsubiri kwenye kivuli na kapu lake. Kisha akaanza kumwachia kipande cha mwisho: wakishuka, mama anabaki kituoni, yeye anatembea mwenyewe hadi getini. Kikawa rahisi, akaongeza kipande: mama anakaa kiti cha nyuma, mdogo wangu anakaa mbele, yeye ndiye analipa nauli, yeye ndiye anapaza sauti ya kushuka. Hasomi kibao cha mbele ya gari vizuri, lakini anajua rangi ya mchirizi ubavuni, na anajua duka la mabati ambalo ukiliona unaanza kujiandaa. Mwezi wa tano mama akawa anapanda gari la nyuma. Mwezi wa sita, siku moja, konda alimfokea kwa kuchelewa kutoa hela, akachanganyikiwa, akapitiliza hadi Kariakoo. Mama mmoja wa mboga alisoma namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya kola ya jezi yake, akatupigia. Nilikuwa wa kwanza kusema basi, imetosha, asipande tena peke yake.

Mama yangu, ambaye hajui nadharia yoyote, Jumanne iliyofuata alimpa nauli akamwambia, "Leo ukiona bati, sema mapema." Akaenda kukaa jikoni akaipasua hamira nzima ya wiki kwa wasiwasi, tukala maandazi hadi Ijumaa.

Msaada wa kweli una umbo hilo, unapungua kipande kwa kipande, na unaumiza zaidi anayeutoa. Sinema haijajua jinsi ya kuupiga picha kwa sababu haina mlio wa filimbi ya mwisho. Lakini ningeipenda filamu ambayo mwenye hadithi ndani yake ni yule aliye kwenye kiti cha mbele, kocha akatokea dakika kumi, na dada akakaa nyuma na kujizuia.

Wiki mbili zilizopita nilimaliza kuiangalia Champions, safari hii na mdogo wangu, nikitafsiri. Tulipofika kwa Johnny na dada yake sikutafsiri kitu. Alinitazama, akaangalia skrini, akasema, "Anataka kupanga."

"Ndiyo."

"Na dada yake analia."

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. Ana rafiki yake wa timu, yule kipa, ambaye mama yake ana chumba cha uani kisicho na mpangaji tangu Krismasi. Nilijua kuhusu chumba hicho. Nilijua kwa sababu mama wa kipa alishanipigia simu mara mbili, na mara zote mbili nilisema nitazungumza na mama.

"Dada," akasema, "kile chumba kina umeme?"

Nikasimamisha filamu, nikachukua simu kuuliza.